Sakafu Isiyoshika Unyayo

12 Januari

Mwanangu,

Barua hii nimeiandika mwenyewe kwa mkono wangu, kwa hiyo isome polepole. Katibu alitaka kunisaidia nikamfukuza. Tangu binti yako huyo apewe kazi ya kusoma matangazo kanisani na sisi tukaanza kumwita Katibu, anajiona katibu hata wa mambo yangu. Nimemwambia mimi nilijifunza kusoma kwenye mifuko ya saruji kabla mama yake hajazaliwa, na sijaharibu hata mfuko mmoja.

Wote wazima. Mdogo wake, Nyundo, ameng'oka jino la mbele. Analitembeza mfukoni na kuwaonyesha watu baada ya ibada, mchungaji ameshaonyeshwa zaidi ya mara moja na kila mara anashangaa kama mpya. Kichwa chake bado ni kilekile, anagonga milango nacho, jina litamkaa mpaka aoe. Katibu ameanza mafundisho ya kipaimara. Viatu vyake vimemkataa, nikampa vile vyeusi ulivyoacha chini ya kitanda. Vimemkaa sawasawa. Ana mguu wako sasa. Juzi alipita mlangoni nikainua kichwa nikidhani ni wewe.

Sasa habari kubwa. Chumba chako nimekibomoa sakafu. Ile ya zamani ilipasuka, na mimi siwezi kulala nyumba moja na ufa. Nitamwaga mpya na juu yake nitapiga niru, uji wangu ule wa saruji, mpaka ujione uso. Wewe unaijua kazi yangu. Askofu aliteleza kwenye sakafu yangu ya kanisa akakaa chini mbele ya waumini wote. Nitajie fundi mwingine aliyewahi kumkalisha askofu.

Kila jioni kwenye sala Nyundo anamwambia Mungu akupe likizo. Mimi nasema Amina, kisha namkumbusha Mungu kwamba tangu mumeo atutoke umefanya kazi bila kupumzika.

Na habari ya simu usiniletee tena. Kwenye simu mtu anadanganya na wewe huoni mkono wake. Barua naiona.

Baba yako,
Fundi wa Sakafu

*

6 Februari

Baba mpendwa, shikamoo,

Nimecheka peke yangu kwa habari ya jino, mpaka mwenzangu wa meza ya pasi akaniuliza kulikoni. Nikamsomea. Sasa kila asubuhi ananiuliza, "Mzee wa askofu hajambo?"

Huku kwenye kufua hatupumui. Mashuka ya mahoteli yanaingia kwa malori. Mvuke unatupika kutwa nzima, nikitoka nje naona kama dunia yote imewekwa kwenye friji. Tumbo linanikata kidogo, nadhani ni kusimama tu. Usianze kuwaza.

Pasaka sitapata ruhusa. Waambie watoto taratibu, na Katibu mwambie viatu ni vyake, ila asikanyage visigino.

Ninakuomba kitu kimoja. Sakafu ikikauka, asiingie mtu. Nataka mimi niwe wa kwanza kuikanyaga.

Binti yako

*

22 Machi

Mwanangu,

Marahaba, ingawa Jumapili hukuniamkia.

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa nipoe kwanza. Jumapili watoto walikwenda ibada, mimi nikabaki kulinda niru, maana ilikuwa mbichi na kuku wa jirani hawana malezi. Nimekaa hapo mlangoni mwa chumba chako, jua la mchana limejaa nyumba nzima, mlango wa mbele uko wazi. Ukaingia. Hukupiga hodi, hukuleta hata mfuko. Miguu peku, kichwani kile kitambaa chako cha njano.

Na gauni lile, mwanangu. Kama ndiyo mitindo ya huko, basi huko kuna tatizo. Jeupe, la kufungwa kamba kwa nyuma, mgongo wote nje. Niliangalia pembeni kwa aibu, mimi baba yako.

Ukanipita karibu mpaka nikahisi ubaridi, kama mtu amefungua mlango wa ghala la barafu. Ukaingia kwenye sakafu yangu. Nikakufokea kwa ile sauti ya kazini, "Haijakauka hiyo! Rudi nyuma!" Ukasimama katikati. Ukanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi. Kisha ukaenda mpaka pembeni mwa dirisha, ukainama, ukapapasa ukuta pale kitanda cha watoto kinapokaaga. Mimi nilichelewa kuinuka, fundi hakurupuki. Nilipoinuka hukuwepo.

Nilikuwa tayari kukuandikia matusi. Lakini nikaiangalia sakafu. Hakuna alama. Hata ya kidole. Umetembea juu ya niru mbichi kutoka mlangoni mpaka dirishani na haikushika kitu.

Hasira ikaniisha palepale. Maisha yangu yote nimeutafuta mchanganyiko wa namna hii. Nimewaambia kanisani, na nimemtumia salamu yule fundi wa kule chini anayejiita bingwa, kwamba alete mguu wake ajaribu.

Ila watoto wamelia. Unakuja mpaka nyumbani na unaondoka bila kuwaona? Huo si wewe.

Baba yako,
Fundi Mkuu wa Sakafu

*

10 Aprili

Baba, shikamoo,

Mimi sikuja. Jumapili ile nilikuwa kazini, zamu ya mchana, muulize yeyote hapa. Labda jua lilikuchoma ukasinzia. Labda alipita mwanamke mwingine.

Mwandiko usikushangaze, mkono uliungua kidogo na pasi.

Watoto waambie babu alimfananisha mtu. Nakuomba.

Lakini baba, uliniambia nirudi nyuma? Yalikuwa maneno hayohayo? Naomba unijibu hilo kabla ya mengine.

Binti yako

*

26 Aprili

Mwanangu,

Unanibishia mimi niliyekuzaa. Kwamba sikufahamu, wewe ambaye nilikutambua kwa kikohozi ulipokuwa unajificha nyuma ya mifuko ya saruji. Ndiyo, nilisema rudi nyuma, na nilisema kwa nguvu.

Sikiliza sasa. Kwa kuwa umenibishia, nikafanya jaribio ili nikushinde. Nimemwaga kipande kingine nyuma ya nyumba. Mchanga uleule, saruji ileile, niru nimeipiga kwa mwiko uleule. Nikamwita Nyundo nikamwambia pita. Akazama mpaka kifundoni na kiatu kikabaki. Paka akapita, kucha zake zimeonekana. Jani limedondoka mtini, limeacha mpaka mishipa yake.

Kwa hiyo sijui. Neno hilo nimeliandika mara moja tu, usimwonyeshe mtu.

Na habari ya mkono kuungua, mwanangu, hiyo mpelekee mwingine. Wino wa barua yako umekatikakatika kila mstari. Mimi nimeandika alama kwenye dari za watu maisha yangu yote, najua kalamu inavyogoma ikitazama juu. Barua ile umeiandika umelala chali.

Umelala wapi?

Baba yako

*

19 Mei

Mzee wangu, shikamoo,

Hunifahamu. Mimi ni mpiga pasi, mwenzake binti yako wa meza moja. Barua zako amekuwa akinisomea, na hii ya mwisho nimemsomea mimi. Nilipofika pale uliposema umelala wapi, aligeukia ukutani. Kisha akasema, "Mwambie. Yule mzee hadanganyiki."

Yuko hospitalini tangu Machi. Alianguka kazini, katikati ya mashuka, Jumapili ile unayoisema. Ana uvimbe tumboni, na ulikuwa umepasuka ndani. Walimpasua mchana uleule. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba kuna kipindi moyo wake ulisimama mezani, wakahangaika naye, ukarudi.

Mzee, gauni uliloliandika ndilo walilomvika. Nililiona kwa macho yangu. Kitambaa cha njano walimwachia kwa kuwa aliomba sana.

Alipozinduka alikuwa anarudia neno moja tu, "haijakauka, haijakauka." Tulidhani anawaza nguo. Barua yako ilipofika ndipo nilipoelewa, na mpaka leo nikiwa peke yangu chumbani naacha redio inaongea.

Hajapona. Uvimbe haukutoka wote, na madaktari wanasubiri apate nguvu wamrudie. Ameniapisha nisikwambie anachokiogopa, lakini nitakwambia. Haogopi kufa kama anavyoogopa kwamba siku ile aliiona nyumba kuwa karibu na nzuri sana, na akilala tena vile atakuja tena, na safari hii hatataka kurudi.

Mimi nimelelewa kanisani tangu utotoni na sijui niseme nini. Akija, utafanyaje?

Mpiga Pasi

*

8 Julai

Mpiga Pasi, mwanangu wa pili,

Nijibu haraka. Usipambe barua, niandikie mstari mmoja tu: yupo au hayupo.

Barua yako ya Mei niliificha kwenye mfuko mtupu wa saruji. Watoto sikuwaambia. Nilimwuliza mchungaji akasema tuombe. Nikamwambia kuomba naomba, ninachouliza ni mlango niufunge au niuache wazi. Akafunga Biblia yake, mtu mwema yule, angalau hakunidanganya.

Jumapili Katibu alipata kipaimara. Alivaa nyeupe na vile viatu vyeusi, akajibu maswali yote bila kutazama pembeni, na mimi nilikaa mbele kwa kuwa sakafu ile ni yangu. Tulipotoka Nyundo alisema, "Mama alikuwa nyuma karibu na mlango." Nikamwambia nyamaza. Katibu akasema, "Alikuwepo, babu. Alikuwa peku."

Tukafika nyumbani. Amekaa kwenye benchi sebuleni.

Mchana kweupe, mpiga pasi. Gauni lilelile, kitambaa kilekile. Watoto wakamkimbilia. Nyundo akajilaza mapajani mwake, na mimi niliona kichwa cha mtoto kimeegemea hewa na hakianguki. Katibu akapiga magoti akamwonyesha viatu. Mama yao alikuwa anatabasamu, na alikuwa mnene kama zamani, hana ugonjwa wowote. Sijawahi kuiona nyumba yangu imetulia namna ile. Hata inzi hakulia. Nami nilitaka kukaa. Nakuambia ukweli, nilitaka kuvuta kiti nikae nao, jioni ifike tusali, ndiyo basi.

Kisha akainuka, akampa Nyundo mkono, wakaanza kwenda mlangoni. Mtoto anakwenda tu, hajauliza wapi.

Nikasimama mlangoni. Nikamwambia, "Mwache mtoto." Hakuacha kunitazama. Nikamwambia kwa ile sauti ya kazini, "Rudi ulikolala! Hapa huingii tena mpaka uje na uzito wako!" Katibu akanishika shati, "Babu, ni mama." Nikamsukuma. Mimi, kwa mkono wangu, siku yake ya kipaimara. Nikasema tena, "Rudi. Sakafu haijakauka." Ndilo lililonijia, na ilikuwa kavu tangu Aprili.

Uso wake ulikunjamana kama alipokuwa mdogo nikimnyang'anya mwiko. Akaachia mkono wa Nyundo. Sikuona alikopotelea.

Sasa Nyundo ana homa na hataki nimguse. Katibu haniamkii, na jioni nikimaliza sala hasemi Amina. Nimewaambia yote kuhusu hospitali, na Katibu amenijibu neno moja tu, "Basi alikuja kutuaga na wewe ukamfukuza kama kuku."

Inawezekana ana haki. Sijawahi kukaa na kazi bila kujua kama imeshika au imebomoka. Nijibu.

Fundi

*

27 Julai

Baba,

Herufi zitakuwa kubwa, ndizo ninazoweza. Nimekaa. Barua hii naiandika nimekaa, angalia wino.

Niliamka nalia. Wauguzi walidhani ni kidonda, lakini nililia vile mtoto anavyolia akifukuzwa kwao. Nilikukasirikia siku nzima bila kujua kwa nini. Damu ilikuwa imevuja ndani Jumapili asubuhi, wakanirudisha mezani, na uvimbe wameutoa wote safari hii. Mpiga Pasi alingoja mpaka nipate nguvu ndipo akanisomea uliyoandika.

Sikumbuki Nyundo. Nakumbuka mkono mdogo wenye joto, na nikajua nikiuachia nitasikia baridi. Na mtu mkubwa amesimama mlangoni ameziba mwanga.

Mwambie Katibu baba yangu hakunifukuza. Alinirudisha. Na mwambie nimeviona viatu, havijapinda visigino.

Nakuja nikiweza kutembea.

Binti yako

*

15 Desemba

Mpiga Pasi, mwanangu,

Nilikuahidi habari ya kufika kwake, na yeye anasema anaandika vibaya kuliko mimi, jambo ambalo nimelikubali.

Chumba kile sikukifungua tangu Aprili, kwa kuwa alitaka awe wa kwanza. Siku ya kufika kwake nikaamka mapema, nikakichubua juu, nikamwaga sakafu nyingine nene na kupiga niru upya. Katibu aliponiona akashika kiuno, "Babu, mama anafika leo na wewe unamwaga saruji?" Nikamwambia Katibu wa matangazo hapangi kazi za fundi. Tunaongea sasa. Jioni ile barua ya mama yake ilipofika alisema Amina kabla sijamaliza kuomba, ikabidi nifupishe.

Alishuka kwenye gari jua likiwa juu. Amekonda mpiga pasi, kama mpini wa ufagio, amevaa koti lako. Watoto walisimama hatua chache hawasogei. Nyundo akaniuliza kwa sauti ya chini, na mama yake anasikia, "Babu, huyu ni yupi?" Nikasema tutajua sasa hivi.

Nikampeleka moja kwa moja mlangoni mwa chumba chake. Nikamwambia vua viatu. Akaangalia chini, akaona inavyong'aa.

"Baba, haijakauka hii."

"Najua. Kanyaga."

"Utanipiga."

"Kanyaga, nimesema."

Akaweka mguu. Niru ikafanya ile sauti yake ya kumeza. Akazama mpaka kwenye kifundo, matope yakampanda katikati ya vidole, akayumba, akashika bega langu, na nikasikia uzito wake wote, mdogo ule uliobaki. Nyundo akapiga kelele akaruka naye humohumo, na kichwa chake kikagonga fremu kama kawaida. Sikumfokea mtu.

Akatembea mpaka dirishani. Akainama, akapapasa ukuta palepale. Kisha akageuka akaniambia, "Baba, miguu yako inaendeleaje? Siku ile ulikuwa umeiloweka kwenye beseni, suruali umeikunja mpaka magotini."

Jambo hilo sijamwandikia mtu. Nilichelewa kuinuka kwa sababu ya magoti, na magoti yangu si habari ya kuweka kwenye barua. Katibu alinitazama sana. Nimeahidi kwenda kwa daktari baada ya Krismasi, usiniulize tarehe.

Jumapili mchana mlango wa mbele tunaufunga sasa, watu wote wakiwa ndani. Hakuna aliyeamuru, tunaufunga tu. Na yeye akipita barazani na vile viatu vyeusi, au Katibu akipita navyo, wote tunainua vichwa na kungoja mpaka anayepita aseme neno.

Yule bingwa wa kule chini amekuja kuangalia sakafu akacheka, akasema tangu lini fundi mkuu anaacha mashimo. Nikamwambia hajawahi kuona sakafu bora kama hiyo na hatakaa aione. Nilisubiri ikauke kabisa, kisha nikapiga magoti, hayahaya mabovu, nikazipitia nyayo zote kwa kidole, moja baada ya nyingine. Zinatoka mlangoni, zinakwenda mpaka dirishani, zinasimama pale kidogo.

Halafu zinarudi.

Fundi